Semina za nyota zinakaribia Kivu, lakini vijana wa Masisi na Walikale bado wako mbali

Usiku ukiingia Masisi na Walikale, na mawingu yakiondoka, giza inakuwa giza ya kweli. Sehemu kubwa ya hizi teritware mbili haina umeme wa laini; watu wanatumia paneli ndogo za jua, tochi ao simu. Njo maana ile kamba nyeupe ya nyota inayokata anga, ambayo watu wa sayansi wanaita Njia ya Maziwa, inaonekana kwa macho matupu toka Nyabiondo mpaka Mubi. Katika miji mingi ya Ulaya na Amerika, taa za usiku zimeifuta. Huko kuna watu wazima ambao hawajaiona hata siku moja.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Masisi-centre na Walikale-centre ziko kusini mwa ikweta kwa karibu digri moja na nusu tu. Mtu anayeishi karibu na ikweta anaweza kuona, kwa muda wa mwaka mmoja, karibu nyota zote za kaskazini na za kusini. Mtu wa Paris hawezi kuona Msalaba wa Kusini. Mtu wa Cape Town hawezi kuona kundi la Dubu Mkubwa likiwa zima. Mtoto wa Walikale anaweza kuona yote mawili akiwa mbele ya nyumba ya baba yake.

Pamoja na hayo, kijana wa hapo akitaka kusomea astronomia, yaani elimu ya nyota na anga, njia yake ni ndefu kuliko ya kijana wa Nairobi, Kampala ao Lusaka. Kwa miaka kumi na kitu sasa, semina na atelye za astronomia kwa wanafunzi na watafiti zimeongezeka sana Afrika, na nyingine ziko karibu na Goma kuliko vile Kinshasa iko karibu. Swali ni hili: kama mafunzo yako jirani, nini inazuia vijana wa Masisi na Walikale kufika? Na wakisubiri, kuna kitu wanaweza kuanza nacho palepale walipo?

Afrika inafundisha, Congo haimo kwenye orodha

Mwezi wa nane 2024, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulifanya mkutano wake mkuu Cape Town, Afrika Kusini. Umoja huo ulianzishwa mwaka 1919, na ilikuwa mara ya kwanza mkutano mkuu kufanyika kwenye udongo wa Afrika. Ilichukua zaidi ya miaka 100.

Mkutano ulikuja Afrika sababu ya kazi iliyofanyika mbele yake. Katika jangwa la Karoo, Afrika Kusini, darubini ya redio ya MeerKAT yenye masahani 64 ilizinduliwa mwaka 2018. Sasa inajengwa nyingine kubwa zaidi, SKA, ambayo ujenzi wake ulianza rasmi mwezi wa kumi na mbili 2022. Upande wa Afrika itakuwa na masahani 197, na yale 64 ya MeerKAT yataingizwa ndani. Mashini ya namna hiyo inahitaji watu: mafundi wa antena, watu wa kompyuta, wanahesabu, wanafizikia. Na watu hawaokotwi barabarani, wanafundishwa.

Njo mradi wa DARA ulipozaliwa. Kwa pesa za Uingereza na Afrika Kusini, unafundisha redio-astronomia kwa vijana waliomaliza chuo kikuu katika fizikia, uhandisi ao kompyuta. Nchi zake ni nane: Botswana, Ghana, Kenya, Madagascar, Mauritius, Msumbiji, Namibia na Zambia. Ni zile zile ambazo Afrika Kusini ilizichagua kama washirika wake wa SKA. Zambia, jirani wa Congo, imo. Congo haimo.

Magharibi, kuna shule ya muda mfupi iliyoanza Nigeria mwaka 2013 kwa ajili ya vijana wa Afrika Magharibi, na nyuma yake ikafunguliwa kwa bara nzima. Wanafunzi hawakai kuandika tu yale mwalimu anasema. Wanapewa data za kweli za nyota, wanaulizwa swali, na wanatafuta jibu wenyewe.

Karibu na Kivu pia kuna milango. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, kinafundisha astronomia mpaka kiwango cha udaktari. Kwa barabara, ni kupita Bunagana, Kisoro na Kabale. Kigali kuna taasisi ya fizikia ya Afrika Mashariki, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, tangu 2018, inayoshirikiana na kituo cha kimataifa cha fizikia cha Trieste, Italia. Ethiopia ina kituo cha kutazama nyota kwenye mlima Entoto, juu ya Addis Ababa. Cape Town kuna ofisi ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia iliyofunguliwa 2011, na kazi yake ni kutumia astronomia kwa maendeleo. Kila mwaka inatoa mwito wa miradi midogo, na mtu wa nchi yoyote anaweza kuandika.

Tarehe 3 mwezi wa kumi na moja 2013, kivuli cha kupatwa kwa jua kilitoka upande wa Gabon, kikapita juu ya Congo mbili, kikaingia Uganda na Kenya. Wanasayansi na watalii walikusanyika Pakwach, Uganda. Kivuli kilikuwa kimepita juu ya udongo wa Congo mbele ya kufika Pakwach. Hicho kisa kinafanana na hali ya sasa: anga iko ya Congo, somo linatolewa ng'ambo ya mpaka.

Kivu haikuanza jana

Mtu asidhani kwamba hii elimu ni mgeni Kivu. Mwaka 1950, mchimbaji Mbelgiji Jean de Heinzelin alipata mfupa mdogo Ishango, mahali mto Semliki unapotoka Ziwa Edouard, ndani ya Hifadhi ya Virunga, Kivu Kaskazini. Mfupa huo una miaka karibu 20,000. Una mikato iliyopangwa katika mistari mitatu: 60 kwenye mstari mmoja, 48 kwenye wa pili, 60 kwenye wa tatu. Wataalamu wanabishana mpaka leo. Wengine wanaona ni hesabu. Mtafiti Mmarekani Alexander Marshack aliona ndani yake kalenda ya mwezi, mtu aliyekuwa anahesabu siku toka mwezi mchanga mpaka mwezi mzima. Mfupa wenyewe hauko Kivu; uko kwenye jumba la makumbusho Brussels.

Lwiro, Kivu Kusini, taasisi kubwa ya utafiti ilianzishwa mwaka 1947, na mpaka leo kituo cha utafiti wa sayansi ya asili kiko pale. Goma, kituo cha kuchunguza volkano, OVG, kilizaliwa 1986. Watafiti Wakongomani wamefanya kazi katika hizo nyumba kwa miaka mingi, wakati mwingine bila mshahara wa heshima, wakati mwingine risasi zikilia karibu. Kwa hiyo akili iko, na desturi ya utafiti iko. Kinachokosa ni daraja kati ya hizo nyumba na mtoto anayesoma sehemu ya sayansi Kitchanga, Pinga ao Ndjingala.

Vizuizi vinne

Kizuizi cha kwanza ni karatasi. Semina ya kimataifa inaomba pasipoti, na mara nyingi viza. Pasipoti ya Congo inatolewa na serikali ya Kinshasa. Tangu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, Goma iko mikononi mwa AFC/M23, na Masisi-centre ilikuwa imeanguka wiki chache mbele. Mwezi wa tatu 2025 wapiganaji walifika mpaka Walikale-centre, kisha wakaondoka mwezi uliofuata. Kijana anayeishi mahali ambako ofisi za serikali hazitumiki anapaswa kusafiri mbali sana kutafuta hiyo karatasi, na mara nyingi barua ya kukubaliwa inaoza mbele ya pasipoti kupatikana.

Kizuizi cha pili ni barabara na pesa. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa wakati mji ulipoanguka, na benki zikafunga milango. Hata semina inayolipa tiketi ya ndege, mara nyingi inamwomba kijana alipe kwanza na arudishiwe nyuma. Kwa mtoto wa mkulima wa Masisi aliyekimbia shamba na ng'ombe, hiyo peke yake inatosha kufunga mlango. Toka Walikale mpaka Goma, hata mbele ya hii vita, barabara ilikuwa kazi ya siku nyingi wakati wa mvua.

Kizuizi cha tatu ni lugha. Nyingi ya hizi semina zinafanyika kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Congo anafundishwa kwa Kifaransa, na nyumbani anasema Kiswahili, Kihunde, Kinyanga, Kinyarwanda ao Kikumu. Barua ya kuomba nafasi, ile wanaita barua ya motisha, inamshinda mbele ya fizikia kumshinda. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Kiswahili ni moja ya lugha rasmi za jumuiya. Lakini ni nadra kuona semina ya sayansi ambapo mwalimu wa Mbarara, wa Dar es Salaam na mwanafunzi wa Masisi wanaelezana kwa hiyo lugha ambayo wote wanaisikia.

Kizuizi cha nne kinasemwa kidogo, na pengine njo kikubwa zaidi: mwalimu. Mtoto hawezi kuomba nafasi ya kitu ambacho hakuna mtu aliyemwambia kwamba kipo. Shule nyingi za Masisi zimegeuka mahali pa kulala wakimbizi, nyingine zimefungwa na kufunguliwa mara nyingi. Mwalimu wa fizikia anafundisha bila vifaa, anachora darubini ubaoni kwa chaki. Exetat inapita, mtoto anapata diploma yake, na chaguo analoliona mbele yake ni machimbo, pikipiki, biashara ndogo ao bunduki.

"Nyota zitaleta bugari?"

Mzazi yeyote ana haki ya kuuliza hivyo. Watu wanakimbia, mashamba yameachwa, na mtu anakuja kusema juu ya nyota. Jibu la kweli linaanza kwa kukubali: astronomia haitasimamisha vita, na haitajaza sufuria kesho asubuhi. Mtu anayeahidi hivyo anadanganya. Lakini kuna sababu tatu za kutoitupa.

Ya kwanza iko chini ya miguu ya wenyeji. Machimbo ya Rubaya, Masisi, inakadiriwa yanatoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia, ile inayotoka kwenye coltan. Mgodi wa Bisie, Walikale, unatoa karibu asilimia 6 ya bati ya dunia. Tantali inaingia kwenye vipande vidogo vinavyotunza umeme ndani ya simu na kompyuta. Bati inaunganisha waya na vipande hivyo. Hakuna darubini ya kisasa inayofanya kazi bila vifaa vya elektroniki vya namna hiyo.

Lakini hayo mawe yalitoka wapi? Somo la astronomia linajibu. Sehemu kubwa ya bati ilipikwa polepole ndani ya nyota kubwa nyekundu zinazokaribia kufa, kisha ikapulizwa angani na kuchanganyika na vumbi lililotengeneza dunia. Dhahabu, ile watu wanaosha kwenye mito ya Walikale, inahitaji moto mkali zaidi. Tarehe 17 mwezi wa nane 2017, wanasayansi walishika ishara ya nyota mbili zilizokufa, ndogo lakini nzito ajabu, zikigongana mbali sana, na kwenye mwanga wake waliona alama za metali nzito zikizaliwa. Tantali ilipatikana kwa njia zote mbili, ya polepole na ya ghafula. Mtoto anayebeba mfuko wa mawe Rubaya anabeba majivu ya nyota. Mwalimu akianzia hapo, darasa nzima litasikiliza, juu ya kila mmoja ana kaka ao mjomba kwenye shimo.

Sababu ya pili ni volkano. Mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ililipuka, na siku chache nyuma yake watu wengi wa Goma waliambiwa wahame. Wengi walikimbilia Sake na barabara ya Masisi. Ili kujua kama mlima unavimba, watafiti wanatumia vipokezi vya GPS vinavyopima udongo ukisogea kwa milimita. Kupima namna hiyo kunahitaji alama ambazo zenyewe hazisogei. Hizo alama zinapatikana angani: ni kwazari, viini vya galaksi za mbali sana vinavyotoa mawimbi ya redio. Darubini za redio za mabara mbali mbali zinavitazama kwa pamoja, na toka hapo dunia inapata vipimo ambavyo GPS inaegemea. Kijana aliyefundishwa redio-astronomia anajua antena, hesabu za makosa na programu za kompyuta. Huyo huyo anaweza kutumika OVG, kwenye kampuni ya simu, ao kwenye ofisi ya hali ya hewa.

Sababu ya tatu inahusu redio yenyewe.

Fundi wa redio ameshafika katikati ya njia

Redio-astronomia haikuanzishwa na mtu wa nyota. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, injinia Karl Jansky wa kampuni ya simu ya Bell, Marekani, alipewa kazi ya kutafuta kelele iliyokuwa inaharibu mazungumzo ya redio ng'ambo ya bahari. Alijenga antena inayozunguka, akasikiliza kwa miezi. Kelele moja ilimshinda: ilikuwa inarudi kila saa 23 na dakika 56, yaani dakika nne mbele ya siku kutimia. Hiyo njo saa ya nyota, siyo saa ya jua. Mwaka 1933 alitangaza kwamba kelele ilikuwa inatoka Njia ya Maziwa. Mwaka 1937 injinia mwingine, Grote Reber, alijenga sahani kwenye kiwanja cha nyumba yao kwa pesa zake mwenyewe. Mwaka 1951, Ewen na Purcell, wa chuo kikuu cha Harvard, walishika sauti ya haidrojeni ya angani kwenye megaherzi 1420, kwa pembe kubwa ya mbao iliyofunikwa shaba ndani na kutokezwa kupitia dirisha.

Mafundi wa redio za jamii wanafahamu sehemu kubwa ya hayo. Fundi anayepanda mnara kurekebisha antena baada ya radi, anayejua kwa nini waya wa urefu fulani unashika mawimbi fulani, anayetofautisha kelele ya jenereta na kelele ya mvua ya radi, ameshafika katikati ya njia. Leo kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta kinauzwa makumi ya dola tu, na pembe ya bati ao ya karatasi ngumu iliyofunikwa alumini inaweza kushika ile sauti ya haidrojeni. Mawingu hayazuii mawimbi ya redio. Kwa Walikale, ambako mvua ya pori inanyesha miezi mingi na anga safi ni bahati, hilo ni jambo kubwa: darubini ya kioo itakaa sandukuni, antena itafanya kazi.

Somo la fimbo, bila pasipoti

Kuna atelye inayoweza kufanyika bila intaneti, bila dola, na mchana kweupe. Inahitaji fimbo ya metre moja iliyosimama wima, kamba yenye jiwe ya kuhakikisha imesimama vizuri, na mkanda wa kupimia.

Kila mwaka, karibu tarehe 17 mwezi wa tatu na tarehe 26 mwezi wa tisa, jua la saa sita ya mchana linapita juu kabisa ya kichwa kule Masisi na Walikale. Siku hizo, fimbo iliyosimama wima karibu haina kivuli. Saa ile ile ya jua kuwa juu kabisa, fimbo ya metre moja Lubumbashi inatupa kivuli cha karibu sentimetre 18. Lubumbashi iko karibu moja kwa moja kusini mwa Masisi, umbali wa kilometre kama 1,140 kwa kuhesabu kaskazini-kusini.

Kivuli cha sentimetre 18 kwa fimbo ya metre moja kinamaanisha pembe ya digri 10 na robo hivi. Duara nzima ni digri 360. Mwanafunzi anachukua 1,140, anazidisha kwa 360, anagawanya kwa hiyo pembe. Anapata karibu kilometre 40,000, na hiyo njo duara ya dunia. Ni njia ambayo Eratosthenes alitumia Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, kati ya Syene na Alexandria. Darasa moja Masisi na darasa moja Lubumbashi, wote wakisema Kiswahili, wakipigiana simu tu, wanaweza kupima dunia nzima. Redio mbili za jamii zikiamua, somo linaweza kupita hewani, na mtoto aliyeko kambini anaweza kusimamisha fimbo yake vile vile.

Kwa wanafunzi wa chuo kikuu, hatua inayofuata ni data. Setilaiti ya Ulaya inayoitwa Gaia imepima nyota karibu bilioni 1.8, na orodha yake iko wazi bila malipo. Programu ya Stellarium, inayoonyesha anga ya mahali popote na siku yoyote, ni ya bure, iko na Kifaransa, na ikishawekwa kwenye kompyuta inatumika bila intaneti. Mtu mmoja akishusha hivyo vitu mahali penye mtandao mzuri, anaweza kuvipeleka Walikale kwenye kifunguo kidogo cha USB ndani ya mfuko wa shati.

Usiku una hatari zake

Wazo zuri linaweza kuumiza watu kama halikupimwa. Katika sehemu yenye makundi ya silaha, bomba refu juu ya miguu mitatu usiku linaweza kuonekana kama silaha. Taa ya leza inayoelekezwa angani inaweza kueleweka kama ishara. Antena ya kujitengenezea na kompyuta inayopokea mawimbi inaweza kumletea kijana shitaka la upelelezi. Kuita watoto mahali pamoja nyuma ya giza ni hatari peke yake.

Njo maana kazi ya kuanzia inafaa kuwa ya mchana, kwenye kiwanja cha shule, wazazi na chef wa mtaa wakiwa wamejulishwa. Kutazama nyota kunaweza kufanyika kila mmoja mbele ya nyumba yake, kwa macho, huku redio ikieleza. Jua halitazamwi kamwe kwa macho ao kwa darubini bila kichujio cha kweli, kivuli kinatosha.

Hatari nyingine inakuja kwa simu. Pale njaa ya masomo ni kubwa, wezi wanatengeneza semina za uongo. Semina ya kweli ina jina la chuo ao taasisi inayojulikana, inachagua kwa barua na matokeo ya masomo. Kijana akiombwa kutuma pesa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi ili "kulinda nafasi," hiyo ni alama ya wizi.

Nani anaweza kufungua mlango gani

Waziri wa elimu ya taifa tangu 2024, Raïssa Malu, amesomea fizikia, na mwaka 2014 alianzisha Kinshasa Juma la Sayansi na Teknolojia kwa vijana. Kwa hiyo Kinshasa haiwezi kusema haijui faida ya atelye za sayansi. Kinachongojewa ni zitoke mji mkuu na zifike pale watoto wanasoma chini ya mahema. Mwaka 2025 mitihani ya Exetat iliweza kufanyika hata katika sehemu ambazo serikali haisimamii. Kama mtihani ulivuka mstari wa vita, kitabu kidogo cha mazoezi kuhusu fimbo na kivuli kinaweza kuvuka pia.

Vyuo vikuu na vya juu vya Goma, Bukavu na Butembo vinaweza kuingiza somo fupi la astronomia ndani ya fizikia, bila kungoja idara mpya, na kusaidia wanafunzi kuandika barua kwa Kiingereza. Mbarara na vyuo vingine vya Afrika Mashariki vinaweza kukubali mwanafunzi wa Kivu afuate semina kwa mbali, na kupokea barua ya chuo chake pale pasipoti imekosekana. Kuhusu Kigali, hali ya vita kati ya nchi mbili inafanya uamuzi wa kwenda kusomea huko kuwa mzito kwa familia nyingi. Hilo ni la kuheshimiwa, na njo sababu moja zaidi ya kuwa na milango mingi kuliko mmoja. Congo yenyewe inaweza kugonga mlango wa ile miradi ya redio-astronomia ambayo Zambia iliingia. Nchi inayotoa bati na tantali kwa dunia ina neno la kusema mezani.

Redio za jamii zina kitu ambacho hakuna chuo kikuu kinacho: zinafika kila kijiji, kwa lugha inayosikika, hata simu ikikosa mtandao. Robo saa kwa juma, fundi wa redio na mwalimu wa fizikia wakiwa pamoja studioni, ni semina ambayo haiulizi viza.

Ile siku jua litakapopita tena juu ya kichwa Masisi na Walikale, kivuli cha fimbo kitapotea kwa dakika chache, iwe kuna mtu wa kukipima ao hakuna. Mwanafunzi atakayekuwa na kamba, jiwe na mkanda wa metre, na mwenzake kwenye simu Lubumbashi, atakuwa na hesabu yake ya kwanza ya utafiti mkononi. Na semina yoyote, karibu ao mbali, inapomuuliza kijana "umeshafanya nini?", atakuwa na jibu.